Vita vya Mbali na Bei ya Dukani

Liko swali moja ambalo watu wa vijiji vyetu hulizungumza sana barazani na njiani, wala hatujasikia likijibiwa vema. Swali lenyewe ni hili: Mwenye duka akisikia ya kuwa vita vimezuka katika nchi ya mbali, na kwamba bei za vitu zitapanda, je, ana haki kupandisha bei ya mali aliyokwisha kuinunua kwa bei ya zamani? Wengine husema ni dhuluma tupu. Wengine husema ndiyo biashara. Sisi twataka leo kulifikiri jambo hili taratibu pamoja na wasomaji wetu, maana tumeona ya kuwa jibu la upesi, liwe la upande huu au la upande ule, huleta ugomvi lakini haki hailetwi nalo.

Kwanza tusimulie jambo lililotokea kijijini kwetu, chini ya milima ya Usambara. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine. Siku za kwanza watu wetu waliisikiliza habari ile kama mtu asikiavyo mvua inyeshayo ng'ambo ya mlima. Lakini mwezi wa Machi haujaisha, mwenye duka wetu mmoja, mtu wa adabu wala asiyejulikana kwa ulafi, alipandisha bei ya mafuta ya kupikia. Mama mmoja mjane, ambaye hukaanga maandazi alfajiri na kuyauza kwa watoto wa shule, alifika na fedha yake ileile ya kila siku, akaambiwa haitoshi. Akatazama rafuni, akasema, "Mwanangu, dumu hili naliona hapo tangu Krismasi. Hivyo vita vimelikutaje hapa rafuni?" Mwenye duka akajibu kwa upole, "Mama, dumu hili ni la zamani, bali litakalokuja mahali pake si la zamani." Wakashindana hata wakaja kwetu tuwaamue, maana watu hudhani ya kuwa mwalimu ajuaye hesabu ajua na haki. Siku ile hatukuwa na jibu. Tulisema maneno ya kupatanisha tu, wakaenda zao, kila mmoja akidhani tumempendelea mwenziwe.

Tangu hapo tumelifikiri sana. Kwanza yafaa tuondoe dhana moja, nayo ni dhana ya kwamba vita vya mbali ni kisingizio tu, wala haviwezi kugusa chungu cha mtu wa kijijini. Hivyo sivyo. Kabla ya mwaka 2022 Urusi na Ukraine kwa pamoja ziliuza zaidi ya robo ya ngano yote iliyouzwa baina ya mataifa, na Ukraine ilikuwa nchi ya kwanza duniani kwa kuuza mafuta ya alizeti ng'ambo. Vita vilipofunga bandari zake katika Bahari Nyeusi, wanunuzi wa alizeti waligeukia mafuta ya mawese. Nayo mawese yakapanda bei. Indonesia, nchi iongozayo kwa mawese, ikaona watu wake wenyewe wanakosa mafuta, ikazuia mawese yasiuzwe nje tangu tarehe 28 Aprili hata tarehe 23 Mei 2022. Nchi yetu ya Tanzania hununua nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kupikia. Basi mtu hahitaji kuijua Odesa ili Odesa impate jikoni. Mwezi wa Machi 2022 hesabu ya bei za vyakula duniani, itungwayo na shirika la FAO, ilifika juu kuliko wakati wowote tangu ilipoanza mwaka 1990. Mbolea nayo ilipanda, kwa kuwa Urusi ni mmoja wa wauzaji wakubwa wa mbolea. Petroli katika Dar es Salaam ilipita shilingi 3,000 kwa lita, hata Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni ili kupunguza makali yake.

Wala jambo hili si jipya. Babu zetu walilionja kabla ya kuwako redio. Kati ya karne iliyopata kupita kabla ya ile ya baba zetu, nguo iliyotembea katika njia zote za misafara, kutoka pwani mpaka Unyamwezi na Ujiji, ilikuwa merikani, nguo nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja kwa merikebu. Watu waliitumia kama fedha. Mwaka 1861 Wamarekani walipigana wenyewe kwa wenyewe, kaskazini na kusini, hata mwaka 1865. Pamba ya kusini haikufika tena viwandani kaskazini, merikani ikaadimika katika Unguja, na nguo za Uingereza na za Bombay zikaingia mahali pake. Mtu wa Ujiji hakumjua Mmarekani hata mmoja, wala hakujua sababu ya ugomvi wao, lakini nguo yake ilibadilika. Jina la merikani likabaki, nguo yenyewe ikawa nyingine.

Nasi tuishio karibu na mashamba ya mkonge twajua hadithi ya wazee wetu. Mwaka 1942 Wajapani walitwaa visiwa vya Ufilipino na Java, mahali palipotoka nyuzi nyingi za kamba za meli. Mara mkonge wa Tanganyika ukatakiwa sana, na katika miaka ile ya vita watu wengi wakaandikishwa kwa lazima kwenda kuukata. Hivyo vita vya Bahari ya Pasifiki vilimtoa mtu nyumbani kwake bila yeye kuiona bahari ile. Hata Mfereji wa Suez ulipofungwa kwa vita vya Juni 1967, haukufunguliwa hata Juni 1975, na muda wote huo meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Jambo kama hilo liliwapata tena wenye meli mwishoni mwa mwaka 2023, waliposhambuliwa katika Bahari ya Shamu. Wengi waliiacha njia ile wakazunguka kusini mwa Afrika, safari ya kutoka Asia mpaka Ulaya ikazidi kwa siku 10 au zaidi. Na siku za meli baharini hulipwa na mtu anunuaye kibiriti.

Basi mwenye duka hakusema uongo aliposema ya kuwa vita vimemfikia. Lakini kuwa na sababu si kuwa na haki. Mtu aweza kuwa na sababu ya kweli ya kupandisha bei kwa kidole kimoja, akaipandisha kwa mkono mzima. Kwa hiyo twahitaji kipimo, nasi tutakitafuta kwa njia tuliyoizoea darasani, yaani kwa hesabu.

Tuseme mwenye duka ana madumu 20 ya mafuta. Aliyanunua Tanga kwa shilingi 80,000 kila moja, naye huuza kwa shilingi 85,000. Faida yake kwa madumu yote ni shilingi 100,000. Hiyo ndiyo riziki ya watoto wake, na ndiyo ujira wa kupanda lori usiku na kukaa dukani mchana. Sasa habari ya vita imekuja, na huko Tanga dumu limekuwa shilingi 100,000. Akiwahurumia jirani zake akauza yote kwa bei ya zamani, atapata shilingi 1,700,000. Atakwenda nazo Tanga, naye atarudi na madumu 17, wala hajatoa hata shilingi moja ya chakula cha nyumbani. Bei ikipanda mara ya pili na ya tatu, rafu itakuwa tupu na mlango utafungwa. Hapo yule mama mjane atapanda basi kwenda mjini kutafuta mafuta, na nauli yake itapita kile alichokiokoa. Kwa hiyo huruma ya namna hii, ijapokuwa ni nzuri moyoni, itawaumiza walewale iliokusudia kuwasaidia.

Lakini tuseme aliuza kwa shilingi 105,000. Atapata shilingi 2,100,000. Atanunua madumu 20, atabakiwa na shilingi 100,000 zilezile. Rafu imejaa kama zamani, na riziki ni ileile. Hapo hatuoni dhuluma. Tena tuseme, kwa kuwa watu wameogopa na wanagombea mafuta, aliuza kwa shilingi 130,000. Atapata shilingi 2,600,000. Atanunua madumu yake 20, atabakiwa na shilingi 600,000. Zile shilingi 500,000 zilizozidi zimetoka wapi? Hazikutoka Ukraine wala Indonesia. Zimetoka katika vifundo vya kanga vya jirani zake, na kilichovifungua ni hofu. Wahenga walisema, Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mfanyi biashara ajiulize kila jioni akifunga daftari lake: Je, leo nimejaza rafu, au nimekuwa kunguru?

Basi kipimo chetu cha kwanza ni hiki: bei ya haki ni ile ijazayo rafu na kumlipa muuzaji ujira wake wa siku zote. Ipitayo hapo yataka sababu nyingine, na hofu ya jirani si sababu.

Kipimo cha pili chafuata cha kwanza, nacho ndicho kinachowashinda wengi. Mwenye duka akisema, "Sitazami bei niliyonunulia, natazama bei nitakayonunulia," amesema neno la haki. Lakini na alishike neno hilo siku zote mbili, siku ya kupanda na siku ya kushuka. Tumeona desturi mbaya katika masoko yetu. Bei ikipanda mjini, muuzaji hutazama lori lijalo, bei ikishuka mjini, hutazama lori lililopita, akasema, "Mali hii niliinunua ghali, sina budi kuimaliza kwanza." Mtu huyo ana mizani miwili, mmoja wa kununulia na mmoja wa kuuzia. Tarehe 22 Julai 2022 mapatano yalifanywa Istanbul ili nafaka ya Ukraine ipate kupita baharini, na bei za dunia zilikuwa zimekwisha kuanza kuteremka. Urusi ilijitoa katika mapatano hayo mwezi wa Julai 2023, lakini katika ule mwaka mmoja chakula kingi kilipita. Je, katika maduka yetu bei ziliteremka kwa mbio zilezile zilizopandia? Kila msomaji ajibu kwa yale aliyoyaona kwao.

Tulipomweleza mwenye duka wetu hesabu hii, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kupanda nimekufahamu. Lakini bei ikishuka, na mali yangu ya ghali ingali rafuni, nikiteremsha si nitakula hasara?" Swali lake lilikuwa la kweli, nasi tukaketi naye tukahesabu tena. Ana madumu 20 aliyoyanunua kwa shilingi 100,000. Mjini sasa ni shilingi 80,000. Auze kwa shilingi 85,000, apate shilingi 1,700,000. Madumu 20 mapya yatamgharimu shilingi 1,600,000, na mkononi zitabaki shilingi 100,000. Rafu imejaa, riziki ni ileile! Hasara aliyoiogopa imo katika daftari, haimo katika chakula cha watoto wake. Ilikuwa kama nyongeza ile ya kwanza, ambayo nayo ilikuwa ya daftari tu. Isipokuwa kama alikopa fedha ya kununulia mali ya ghali, hapo hasara ni ya kweli, maana deni halishuki pamoja na bei. Kwa hiyo twawashauri wenye maduka madogo wajihadhari sana na mikopo wakati wa bei za vita.

Kipimo cha tatu ni ukweli wa habari. Katika majuma yale ya Machi 2022 hata chumvi ilipandishwa katika duka moja la jirani, na muuzaji alipoulizwa alisema, "Ni vita." Chumvi yetu hukaushwa kwa jua katika mashamba ya chumvi ya pwani, haikutoka Odesa. Kweli huchukuliwa kwa lori, na lori hunywa dizeli. Basi sehemu ya nauli iongezeke, hilo twalikubali. Lakini kuiongeza chumvi kama mafuta ni kulitumia jina la vita kama mwizi atumiavyo giza. Tena wako watu wanaoleta habari za simu ambazo hakuna ajuaye zilikotoka, wakasema sukari itakwisha kesho. Kabla ya jioni sukari imekwisha kweli, si kwa vita, bali kwa uvumi.

Hapo latokea swali jingine ambalo wenye hekima wa zamani walilishindania. Cicero, Mrumi aliyeishi kabla ya kuzaliwa Kristo, ameandika juu ya mfanyi biashara aliyeleta nafaka kutoka Iskanderia mpaka kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Mtu huyo alijua ya kuwa merikebu nyingine nyingi zenye nafaka ziko njiani nyuma yake, bali watu wa Rhodes hawakujua. Je, awaambie, au anyamaze auze kwa bei kubwa? Diogenes alisema kunyamaza si kudanganya, muuzaji hana lazima ya kusema yote ayajuayo. Antipater alisema wanadamu ni jamaa moja, wala haifai kumficha ndugu yako jambo limfaalo kulijua. Cicero mwenyewe alikubali ya kuwa yule mtu hakupasiwa kuficha. Nasi twaona swali hili halikufa pamoja na Warumi. Liko katika kila kijiji, bali kwetu hugeuka. Mnunuzi wa mahindi huja na lori, naye amekwisha kusikia ya kuwa bei imepanda mjini. Mkulima aliye shambani tangu alfajiri hajasikia. Mnunuzi hasemi uongo hata mmoja. Hunyamaza tu, naye huondoka na magunia. Mwezi ule ule mkulima akienda kununua mbolea hukuta vita vimekwisha kufika dukani, ingawa havikufika kwenye mahindi yake. Hivyo ghali yote humpata yeye, na faida yote humpita. Dawa yake si kumlaani mnunuzi peke yake. Wakulima wa kijiji wakiuza pamoja, na mmoja wao akipewa kazi ya kuuliza bei za mjini kila juma, yule anyamazaye hatakuwa na la kuficha.

Sasa yatupasa tujihukumu na sisi. Tusije tukamweka mwenye duka kizimbani, tukakaa kama mahakimu wasio na doa. Siku ile habari ilipotangazwa, sisi wenye mishahara tulikwenda dukani kwa haraka tukanunua mafuta ya miezi mitatu, tukayaficha uvunguni. Tulijisifu kwa busara yetu, maana tahadhari kabla ya hatari. Lakini rafu ilipobaki nusu, ni nani aliyeikuta hivyo? Ni yule anunuaye kipimo cha leo kwa fedha ya leo, asiyeweza kununua cha kesho. Akiba ni njema iwekwapo wakati wa wingi. Ikikusanywa siku ya hofu, si akiba tena, ni kumnyang'anya mwenzio zamu yake. Yusufu alijaza ghala za Misri katika ile miaka saba ya shibe, hakungoja njaa ibishe hodi. Tena msomaji afikiri mwisho wa habari ile: ghala zile ziliwaponya watu, lakini watu waliokosa ghala zao wenyewe walitoa fedha, kisha mifugo, kisha mashamba yao. Kwa hiyo ghala la kijiji, hata likiwa dogo, ni uhuru wa kijiji. Na shamba la alizeti lililo karibu na kinu cha kukamulia ni ngome kuliko malalamiko mia juu ya mataifa makubwa, ambayo hayatusikii.

Tumesema bei ya haki ni ile ijazayo rafu. Lakini tusidhani ya kuwa haki ikitimizwa wajibu umekwisha. Shilingi 105,000 ni haki kwa tajiri na kwa maskini vilevile, ila tajiri hailipi kwa jasho lilelile. Mwenye duka wetu alifahamu hilo bila kufundishwa. Aliandika ukutani kwa chaki bei aliyonunulia mjini na bei anayouzia, watu wote waone. Na yule mama akampimia mafuta ya juma zima, alipe Ijumaa baada ya kuuza. Hakumpunguzia bei, kwa kuwa rafu lazima ijae. Alimpa muda, na muda ndio aliokuwa nao wa kutoa. Tangu bei ilipoandikwa ukutani, ugomvi ulipungua. Watu huvumilia ghali wanayoielewa.

Twamaliza kwa neno moja dogo. Mwezi wa Aprili mwaka ule, maandazi ya yule mama yalianza kuwa madogo, ingawa bei yake ilibaki ileile, naye hakumwambia mtu. Siku moja mtoto wa darasa la pili alilishika andazi lake, akaligeuza, akamwuliza mbele yetu, "Bibi, mbona andazi limekonda?" Mama akatutazama, nasi tukamtazama. Kisha akacheka, akasema, "Ni vita, mjukuu wangu." Kesho yake aliyarudisha maandazi ukubwa wake wa zamani, akaongeza bei kidogo, akawaeleza watoto sababu yake. Hapo tulifahamu jambo ambalo siku ya shauri hatukuliona: kila mmoja wetu ni mwenye duka wa mtu fulani. Mkulima ana duka la mahindi, fundi ana duka la mikono yake, na sisi walimu tunalo letu. Vita vya mbali hatuwezi kuvizuia. Lakini namna vitakavyopita kutoka mkono wa mtu mmoja mpaka mkono wa mwenziwe hapa kijijini, hiyo i katika uwezo wetu, nayo ndiyo tutakayoulizwa.